Tepu imekusaliti wapi? Kutafuta kosa la mstari wa rangi kwenye sehemu za mviringo za ndege za mfano

Umepaka rangi ndege yako ya mfano, umebandua tepu ya kufunikia, na ule mstari uliotarajia utoke umenyooka kama uzi umetoka na meno kama msumeno. Mkono unakimbilia msasa. Uzuie. Chukua kwanza taa, iweke chini pembeni ili mwanga uteleze juu ya plastiki, kisha zungusha ndege taratibu uone kosa limekaa wapi. Rangi iliyopenya urefu mzima wa mstari, rangi iliyopenya sehemu mbili tatu, na rangi iliyopenya pale tu bodi, yaani kiwiliwili cha ndege, inapoanza kujipinda ni magonjwa matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu jingine. Miaka yangu ya mwanzo nililaumu rangi kwa yote matatu. Nilibadilisha thina, nikabadilisha chupa, nikabadilisha hata kompresa, na mstari ukaendelea kuvuja palepale.

Hilo "palepale" lingenitosha kujua. Rangi ikiwa mbaya huharibu kila mahali. Kosa likirudi mahali pamoja kila mara, tazama umbo la mahali hapo na jinsi tepu ilivyolazwa.

Tepu ni ukanda bapa, na umenyooka. Tangi la mafuta la ziada lenye tumbo la silinda halina ugomvi nayo, kwa sababu silinda ukiikunjua inakuwa kama karatasi iliyolazwa mezani. Koni nayo hukunjuka, ila pete inayoizunguka ikikunjuliwa inatoka na umbo la upinde. Kuba la pua halikunjuki kabisa. Chukua mpira uliopasuka katikati ujaribu kuulaza bapa, utaona ninachosema. Sehemu kubwa ya dalili zilizo hapa chini zinatokana na tepu iliyolazimishwa kufuata umbo lisilo lake.

Meno madogo madogo, mstari mzima

Hili ndilo tatizo jepesi, na kati ya yale matatu ya kuvuja ndilo pekee ambalo rangi ina lawama ndani yake.

Anza na ukingo wa tepu yenyewe. Roli ikilala mezani wiki kadhaa, pembeni mwake hunasa vumbi na nyuzi za nguo, na ukingo huo huo ndio unaoupa kazi ya kuzuia rangi. Bandika kipande kwenye kioo safi, weka rula ya chuma, kata ukanda mwembamba wa pembeni kwa kisu chenye ncha mpya, ule uchafu uutupe. Hata tepu ya njano ya washi, karatasi nyembamba ya Kijapani, ambayo kampuni ya Tamiya huiuza kwa upana wa milimita 6, 10, 18 na 40, mimi huikata ukingo upya nikitaka mstari wa kuonekana kwa karibu.

Pili, je, ulibonyeza? Kupitisha kidole hakutoshi, maana kidole ni laini na hupita juu ya ukingo bila kuushindilia. Tumia kijiti cha meno ulichokilainisha ncha kwa msasa. Tepu ya washi ina fadhila moja: mahali iliposhika vizuri hubadilika rangi kidogo, inakuwa nzito na kama inaonyesha kilicho chini yake. Mahali ilipobaki hafifu, pana hewa. Fuata ukingo wote kwa jicho mpaka usione alama hafifu hata moja.

Tatu, ziba ukingo kwa rangi ya chini. Kama bodi ni ya kijivu na unataka mkanda wa njano, baada ya kubandika tepu puliza kwanza ile kijivu juu ya ukingo, wepesi, mara mbili. Kitakachopenya chini ya tepu kitakuwa kijivu juu ya kijivu, na kikishakauka kimeziba njia. Njano ikija haina pa kupita. Wapo wanaoziba kwa vanishi isiyo na rangi, na inafanya kazi, lakini kwenye rangi za chuma huacha mstari unaong'aa tofauti. Juu ya fedha, ziba kwa fedha.

Kisha upuliziaji. Shinikizo la takribani baa 1, yaani kama psi 15, linatosha kwa kazi nyingi za kufunika. Elekeza brashi ya hewa, yaani kifaa cha kupulizia rangi, kutoka upande wa tepu kwenda upande unaopakwa. Ukipuliza kinyume chake, unaisukuma rangi iingie chini ya ukingo kama anayefagia vumbi chini ya mkeka. Pita za kwanza ziwe kavu kiasi kwamba hazing'ai. Ukiona rangi imelowa na kung'aa kwenye ukingo, umeshachelewa. Anayetumia brashi ya mkono afuate kanuni hiyo hiyo: mkono uanzie juu ya tepu na utoke nje, na rangi iwe nzito kuliko anavyozoea.

Ndimi nyembamba, sehemu chache tu

Mstari ni safi, halafu ghafla kuna ulimi mwembamba wa rangi uliotoka milimita 2 au 3, kisha mstari unakuwa safi tena. Weka kucha kwenye ulimi huo. Karibu kila mara utasikia mfereji, yaani mstari wa paneli uliochongwa kwenye plastiki. Tepu imelala juu ya mfereji kama daraja, na rangi imenyonywa chini yake kama maji yanavyopanda kwenye utambi.

Dawa ni kuishindilia tepu ndani ya mfereji pale tu inapoukatiza. Tumia ncha ya kijiti, usitumie kisu. Mahali penye mfereji mpana, dondosha tone la vanishi kwa ncha ya sindano hapo tepu inapokatiza, liache likauke, kisha ndipo upulize. Dakika tano za kazi hii huokoa jioni nzima ya kuchokoa rangi ndani ya mfereji, kazi ambayo simtakii mtu.

Ribiti zilizoinuka hufanya vivyo hivyo kwa kinyume. Kila kichwa cha ribiti huinua tepu na kuacha hema dogo pembeni yake. Shindilia kuzunguka ribiti moja moja.

Ndimi zikiwa kwenye maungio ya bawa na bodi, chanzo ni kingine. Pale pana bonde. Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ina bonde kubwa hasa, limelainishwa kuanzia bawa hadi ubavuni. Wengi wetu hubandika tepu upande mmoja, tunaivuta, tunaibandika upande wa pili. Kwa kuivuta umetengeneza daraja juu ya bonde. Hata ukilibonyeza likashika, nguvu ya kunyooka imebaki ndani yake, na baada ya dakika chache linainuka polepole wakati wewe unachanganya rangi. Anzia chini ya bonde: gusisha tepu katikati kwanza, kisha iache ipande kila upande bila kuivuta hata kidogo. Ikikataa, kata vipande vifupi, kimoja kikipanda juu ya kingine.

Mkanda wa kuzunguka bodi hauungani

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Ndege nyingi za kivita za Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili zilikuwa na mkanda wa rangi ya kijani hafifu kuzunguka bodi karibu na mkia, upana wa inchi 18. Kwenye skeli ya 1/48, yaani mfano mdogo mara 48 kuliko ndege halisi, huo ni kama milimita 9.5, kwenye 1/72 ni milimita 6.4 hivi. Nilichukua tepu, nikaanzia mgongoni, nikaielekeza wima kabisa, nikaizungusha tumboni kwa uangalifu wa daktari. Iliporudi mgongoni, mwisho ulikuwa umeukosa mwanzo kwa karibu upana wa kidole kidogo. Nikabandua, nikarudia. Ikakosa tena, upande uleule. Mara ya tatu nikaivuta kwa nguvu mpaka ikaungana, nikafurahi, nikaenda kulala. Asubuhi tepu ilikuwa imejinyanyua tumboni na kutengeneza mfuko ambao ungeweza kuingiza wembe.

Bodi ya nyuma inapungua kuelekea mkiani, kwa hiyo ni koni. Tepu iliyonyooka juu ya koni haiendi kwenye duara. Hupanda kuelekea upande mnene. Tufanye hesabu, ni fupi. Tuseme bodi ina kipenyo cha milimita 20 mahali mkanda unapoanza, na milimita 40 nyuma yake kipenyo kimebaki 16. Nusu kipenyo kimepungua kutoka 10 hadi 8, yaani milimita 2 katika 40, sawa na 0.05 kwa kila milimita moja. Gawa nusu kipenyo kwa namba hiyo: 10 kwa 0.05 ni 200. Ukingo wa mkanda wako unatakiwa ukatwe kama kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha milimita 200. Kwa macho unaonekana kama umenyooka, na ndiyo maana tunadanganyika. Lakini ukitumia tepu iliyonyooka kwenye koni hiyo, ukaanza wima mgongoni na kuzunguka mara moja, itarudi ikiwa imeukosa mwanzo kwa takribani milimita 10. Ukianzia tumboni na kupandisha pande zote mbili kwa pamoja, ncha zitakutana mgongoni, ila zitakuwa zimesogea milimita 2.5 kuelekea pua na zitakutana kwa kona. Mstari uliosogea milimita 2.5 kwenye mkanda wa 9.5 unaonekana hata na mgeni asiyejua ndege ni nini.

Kwa hiyo bandika tepu pana kwenye kioo na uikate kwa bikari yenye kisu badala ya penseli. Kwa mfano wetu, ukingo wa mbele ni upinde wa milimita 200, na ukingo wa nyuma ulio milimita 9.5 nyuma yake ni upinde wa 190.5, kitovu kilekile. Vikate virefu kuliko mzunguko, viungane tumboni vikipandana kidogo. Utashangaa jinsi vinavyolala bila kubembelezwa.

Bodi ikiwa ya yai badala ya duara, au imebonyea ubavuni, hesabu hiyo itakupa jibu la karibu tu. Hapo geukia karatasi. Zungushia bodi ukanda wa karatasi nyembamba, uushike kwa vipande vya tepu. Kisha simamisha ndege wima, pua chini, ndani ya kikombe kilichojazwa kitambaa. Funga penseli juu ya rundo la vitabu ili ncha ibaki kwenye kimo kimoja, zungusha penseli kuizunguka ndege ikichora juu ya karatasi. Fungua karatasi, kata juu ya mstari, na umbo hilo ndilo kigezo cha tepu. Hakikisha tu ndege imesimama wima kweli, uipime kwa kutazama mbele na kutazama ubavuni.

Njia ya wavivu, ambayo naitumia kwenye 1/72 bila haya, ni kutumia tepu ya milimita 1. Ukanda mwembamba hivyo hupinda wenyewe kiasi cha kutosha kufuata mstari wa penseli kwenye koni isiyo kali. Ukishapata mstari, ndipo unajaza nyuma yake kwa tepu pana.

Ugonjwa huu huu ndio unaopindisha mstari wa madirisha wa ndege ya abiria unapofika puani. Ubavuni umenyooka, kisha bodi inaanza kupungua na tepu inaanza kupanda au kushuka yenyewe. Usiifuate. Weka ndege sawa mezani, chora kimo kwa penseli iliyofungwa kwenye rundo, kisha funika pua kwa vipande vifupi vya tepu nyembamba vinavyofuata penseli.

Tepu imekunjamana kwenye kona

Sehemu nyeusi ya kuzuia mng'ao mbele ya rubani, mawimbi ya rangi za kificho, kona ya mlango: hapa plastiki inaweza kuwa karibu bapa, ila mstari wenyewe unapinda. Ukipinda tepu, ukingo wa ndani hubanwa na ukingo wa nje huvutwa. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha milimita 20, tepu ya upana wa milimita 6 inahitaji ukingo wa nje uwe mrefu kuliko wa ndani kwa asilimia 30. Karatasi haiwezi. Ya milimita 2 inahitaji asilimia 10, ya milimita 1 asilimia 5. Ndiyo maana tepu nyembamba hutii na tepu pana hugoma, hata zikitoka roli moja.

Kwa hiyo chora mstari kwa tepu ya 1 au 2, halafu jaza. Tepu za vinili zilizotengenezwa kwa ajili ya kona huvutika zaidi na hupinda vizuri sana, ila zina tabia nitakayoieleza punde.

Angalia pia ni ukingo gani unaofanya kazi. Mikunjo hutokea upande wa ndani wa kona. Kama mstari wako wa rangi uko upande huo, kila kunjo ni mlango wazi. Ikiwezekana, panga rangi zako ili tepu ilale ndani ya kona na ukingo wake wa nje ndio ugusane na rangi mpya. Haiwezekani kila mara, maana kwa kawaida tunaanza na rangi nyepesi na kumalizia na nzito: nyeupe kabla ya nyeusi, njano kabla ya bluu. Mambo mawili yakigongana, mimi hufuata rangi nyepesi kwanza, kisha nakata tepu katika umbo badala ya kuipinda. Tepu pana juu ya kioo, kigezo cha karatasi juu yake, kisu. Kona iliyokatwa haina kunjo.

Jioni ilikuwa sawa, asubuhi imeinuka

Vinili ina kumbukumbu. Ukiivuta ili ifuate kona, itakaa hapo kwa muda, kisha itaanza kurudi kwenye urefu wake, polepole, ikijiondoa kwenye plastiki kuanzia nchani na kwenye kona kali. Ilaze bila kuivuta, uisukume kwa kidole kwenye kona badala ya kuikokota. Ncha zake zishike kwa kipande cha tepu ya karatasi kilichopita juu. Na upulize siku hiyo hiyo. Tepu ya kona iliyolala usiku mzima, ikague upya ukingo wote kabla ya kuwasha kompresa.

Wapo wanaoipasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele ili isahau. Hufanya kazi, lakini plastiki nyembamba ya ndege haipendi joto, na nimeona bawa likijipinda kwa sekunde chache. Joto la kidole linatosha.

Pua ya kuba na koni ya pangaboi

Kwenye kuba usitafute kipande kimoja kitakacholala, hakipo. Zungusha pete ya tepu ya milimita 1 kwenye mstari, vipande vifupi vifupi kama vigae, kila kimoja kikipanda juu ya mwenzake kwa nusu milimita. Kagua kila mpandano: pale tepu ya juu inaposhuka kutoka kwenye ya chini huacha kijitundu cha pembe tatu, na rangi hukijua kabla yako. Kibonyeze kwa ncha ya kijiti, au ukizibe kwa tone la vanishi. Sehemu iliyobaki ya kuba ijaze kwa dawa ya maji ya kufunikia, ile inayopakwa na kukauka kuwa ngozi ya kubanduliwa, au vipande vyovyote, haina umuhimu.

Kama unataka ncha ya koni iwe na rangi tofauti, kata tundu la duara kwenye kipande cha tepu na ukivishe koni kama pete mpaka kikwame. Ukingo wa tundu ndio mstari wako. Mikunjo yote itabaki nje, mbali na kazi. Bonyeza ukingo huo tu.

Lakini kwa koni ya pangaboi niseme ukweli, mara nyingi sifuniki kabisa. Naichomeka kwenye kijiti, kijiti naifunga kwenye mashine ya kutobolea inayozunguka taratibu sana, kisha nagusisha ncha ya brashi iliyolowa na kuishikilia imetulia. Koni inajichora yenyewe. Na ule mzunguko mweupe kama wa konokono uliokuwa kwenye koni nyingi za Fw 190, ndege ya kivita ya Ujerumani, mimi hutumia dekali, yaani picha tayari ya kubandika, na sioni aibu.

Kioo cha rubani

Dalili hapa ni tatu: fremu zenye unene tofauti, rangi iliyoingia kwenye kioo, au mikwaruzo ya kisu.

Unene tofauti hutokana na kuweka kipande kimoja kikubwa juu ya kidirisha na kukata kwa kufuata fremu kwa jicho. Badala yake, kata nyuzi za tepu za milimita 1, zilaze kandokando ya kila upande wa fremu, ukingo kwa ukingo, kisha jaza katikati. Uzi mwembamba hufuata mpindo wa kioo, na kona hutoka kali kwa sababu nyuzi mbili zimekutana. Vifuniko vilivyokatwa tayari, kama vya kampuni ya Eduard vya karatasi ya njano, huokoa muda. Kwa vioo vilivyovimba sana vifuniko vya namna hiyo hutoa mzunguko wa nje tu, na katikati unajaza mwenyewe. Ukilazimisha kipande kizima, kitakunjamana.

Ukilazimika kukata juu ya kioo, weka ncha mpya na acha uzito wa kisu ufanye kazi. Kisu butu ndicho kinachokwaruza, kwa sababu unakikandamiza.

Puliza kwanza rangi ya ndani ya chumba cha rubani, kisha rangi ya nje juu yake. Mtu akitazama ndani kupitia kioo ataona fremu ina rangi sahihi, na ile tabaka ya kwanza imeshakuzibia ukingo.

Neno moja kuhusu dawa ya maji ya kufunikia. Itumie kujazia, usiitegemee kwa ukingo. Hukauka na ukingo wa mawimbi. Nyingi zina amonia, ambayo inaweza kushambulia akriliki, kwa hiyo jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Ukiipaka nyembamba sana haitabanduka, itakatikakatika. Na brashi yako ichovye kwenye maji ya sabuni kabla ya kuitumia, la sivyo utaitupa.

Tepu imeondoka na rangi ya chini

Igeuze tepu uangalie upande wa gundi. Ukiona rangi imeng'oka mpaka plastiki, rangi haikushika plastiki. Ama hukupaka praima, yaani rangi ya msingi, ama plastiki ilikuwa na mafuta ya kiwandani au ya vidole vyako. Akriliki za maji juu ya plastiki tupu ni dhaifu hasa; praima ya laka ndiyo inayong'ata. Osha vipande kwa maji ya sabuni kabla ya kazi yoyote, vikauke, kisha vishike kwa glavu.

Ukiona imeng'oka tabaka ya juu tu na praima imebaki, rangi haikuwa imekomaa. Kukauka kwa kugusa si kukomaa. Enameli inahitaji siku kadhaa, na kipimo changu ni pua: ikiwa bado inanuka thina, haijakomaa.

Kubandua nako ni ufundi. Kunja tepu irudi juu ya mgongo wake yenyewe na uivute taratibu karibu sambamba na plastiki. Ukiivuta kwenda juu wima, nguvu yote inaenda kuinyanyua rangi. Kabla ya kubandika, punguza kunata kwake kwa kuibandika na kuibandua kwenye kioo safi mara mbili. Wengi huibandika kwenye mgongo wa mkono. Ngozi ina mafuta, na mafuta hayo yatakuwa chini ya rangi yako ijayo.

Ukuta kwenye ukingo, na mengine madogo

Ukipitisha kucha na kukuta ukuta, ulipaka nene ili uzibe rangi ya chini kwa pita moja, au ulichelewa kubandua. Bandua mara rangi inapokuwa haishiki kidole. Ikiwa imeshakauka na kuunda ngozi juu ya tepu, pitisha kisu kidogo kwenye ukingo kwanza. Ukuta uliobaki uache ukomae, kisha uupunguze kwa msasa wa maji wa namba 2000 au zaidi, ukielekea urefu wa mstari.

Rangi ya ukungu mahali usipopatarajia, mbali na mstari? Kulikuwa na mwanya kati ya vipande viwili vya tepu. Inua ndege iliyofunikwa mbele ya taa kabla ya kupuliza, utaona mianya.

Ukitaka ukingo laini wa kificho, viringisha nyuzi za gundi ya udongo, ile ya kubandikia picha ukutani, uziweke juu ya mstari na upulize ukiwa wima kabisa. Ukiinamisha brashi, upande mmoja utakuwa laini na mwingine mkali. Usiache uzi huo siku nzima, huacha doa la mafuta.

Kushoto hakulingani na kulia: chora umbo la upande mmoja kwenye karatasi ya kunakilia, igeuze, ukate la pili. Jicho peke yake halitoshi kwa hili.

Kurekebisha kilichokwishaharibika

Ulimi mdogo wa akriliki uliokauka jana huondoka kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa kidogo kwa thina yake, ukikwangua kutoka rangi ngeni kuelekea mstari. Kijiti ni laini kuliko rangi iliyokomaa chini yake. Kama rangi zote mbili ni za aina moja na zimepakwa siku moja, usijaribu. Utatoboa hadi praima.

Kosa refu zaidi, funika kinyume: tepu ilale juu ya rangi mpya, ukingo wake ukiwa juu ya mstari hasa ulioukusudia, kisha puliza rangi ya chini kufunika uvujaji, nyepesi. Mstari utasogea nusu milimita au chini ya hapo.

Na kama ni milia nyeusi na nyeupe ya Normandia ya Juni 1944, ile ya kutambulisha ndege za Washirika, tafuta picha za ndege yenyewe kabla ya kugusa chochote. Milia ile ilipakwa kwa haraka, mara nyingi kwa brashi za mkono, na kwenye picha nyingi kingo zake zimepinda na kuchuruzika. Upana ulioagizwa kwa ndege za injini moja ulikuwa inchi 18 kwa kila mlia, yaani milimita 9.5 kwenye 1/48. Nilishawahi kusahihisha mlia wa namna hiyo kwa saa mbili, kisha nikafungua picha ya ndege halisi nikakuta wao wenyewe waliupinda palepale.